Aproni ya Kukamia

Kassel, 15 Januari 1956

Mdogo wangu Zenzi,

Mungu akusalimu, wewe na zizi lako lote. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha Krismasi kimekataa kuniaga. Mama mwenye nyumba, Bibi Ostertag, ananipikia supu ya viazi kila jioni na kila jioni ananiuliza kama chumvi imekolea, nami kila jioni namjibu imekolea. Ndiyo maisha ya huku. Mwanao Walburga ameniandikia kutoka Augsburg. Anasema mtoto wa pili anaota meno, mtoto hapati usingizi, yeye hapati usingizi, mumewe peke yake ndiye anayelala kama gogo.

Sasa nikupe lililonifanya nishike kalamu. Unajua hapa ofisini tunaandika kamusi kubwa ya Kijerumani, na unajua tumeianza zamani kiasi kwamba waliotoa wazo hilo wameshazikwa. Sasa tumefika herufi M, na mkuu wa ofisi amenikabidhi kitenzi melken. Kukama, Zenzi! Katika maneno yote ya lugha hii nimepewa kukama. Nilicheka peke yangu mezani. Mtoto wa mkulima wa kwetu Allgäu aliyetolewa zizini akiwa na miaka kumi na moja, akapelekwa kwa mapadre kufundishwa Kilatini, leo amerudishwa zizini akiwa mzee wa miaka sitini na mmoja.

Nina masanduku mawili ya kadi, na kila kadi ina sentensi iliyonakiliwa kutoka kitabu fulani. Vitabu vinasema hivi. Mimi nakama ni ich melke. Wewe unakama, wa zamani walisema du milkst, wa leo wengi wanasema du melkst. Jana nilikama ina sura mbili: molk ni ya kale, melkte ni mpya. Na ng'ombe aliyekwisha kukamwa ni gemolken, ingawa wapo wanaosema gemelkt, nami watu hao siwapendi. Kitenzi kinachoka, unaona. Kilikuwa na njia yake chenyewe, sasa kinaanza kufuata msafara wa vitenzi vingine vyote kwa sababu hakuna mwenye nguvu ya kukumbuka tena.

Nataka unisaidie. Huko nyumbani watu wanasemaje, molk au melkte? Wasikilize asubuhi wanapopeleka maziwa kwenye nyumba ya jibini, uniandikie walivyosema, neno kwa neno.

Ng'ombe wako watano hawajambo? Bless bado ana roho mbaya?

Kaka yako,
Leonhard


Nyumbani, 26 Februari 1956

Kaka Leonhard,

Mungu akusalimu nawe. Najua umesubiri. Baridi ya mwezi huu imetukaba koo. Bomba la zizini liliganda, ikawa nabeba maji kutoka jikoni ndoo baada ya ndoo. Mzee Haggenmüller wa kule kilimani amefariki, tumemzika Jumanne. Ilibidi wakeshe na moto juu ya ardhi ndipo sururu iingie. Mjane wake anakusalimu, anasema bado anakumbuka ulivyoanguka kwenye shimo la samadi siku ya komunio yako. Mwandiko wangu usikushangaze. Ni baridi hiyo hiyo.

Swali lako nilipolisoma nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikaenda kukama. Kaka, umesahau kwenu? Nani huku anasema molk? Hakuna. Na melkte je? Hakuna. Sisi hatuna hiyo jana nilikama ya vitabuni. Sisi tunasema i hon gmolke, nimeshakama, basi, mtu anaingia ndani kunywa kahawa. Hayo mengine labda padre akisoma Injili. Hata hivyo nilimuuliza Immler mtengeneza jibini, "Wewe Immler, ungesema molk au melkte?" Akanitazama kana kwamba nimeanza kunywa. Akasema, "Zenzi, nikiona maziwa najua umekama. Maneno ya nini tena?" Iandike hiyo kwenye kadi yako.

Na kama kamusi yako ina nafasi, andika kwamba kukama ni alfajiri na jioni, Krismasi na Pasaka, uwe na homa usiwe nayo. Tangu mume wangu Alois alipobaki vitani Urusi nimekama peke yangu. Hata siku tuliyomzika baba nilikama nikiwa na gauni jeusi, na wewe ulikuwa sebuleni na kofia yako ukiangalia saa ya treni.

Hefele, yule dalali wa ng'ombe, alipita hapa wiki iliyopita. Hakualikwa. Alizunguka zizini, akambonyeza Bless mbavu, akasema, "Mama Zenzi, hawa watano nawachukua wote leo leo, ukapumzike." Nikamwambia hakuna kinachouzwa. Akanyoosha kiganja. Unawajua watu hao, akishagonganisha kiganja chake na chako biashara imekwisha, hakuna karatasi na hakuna kurudi nyuma. Nikatia mikono yangu yote miwili chini ya aproni na nikaiacha humo mpaka alipowasha gari lake akaondoka.

Daktari wa Kempten naye ana maneno yake, lakini hayo si ya leo.

Mdogo wako,
Kreszentia


Kassel, 18 Machi 1956

Mdogo wangu Zenzi,

Mungu akusalimu. Pole kwa msiba wa Haggenmüller. Mpe mjane wake mkono wangu, umwambie kwamba katika lile shimo sikuanguka, nilisukumwa, na aliyenisukuma ni marehemu. Bibi Ostertag ana mafua, kwa hiyo wiki hii supu nimepika mwenyewe, na kwa mara ya kwanza chumvi haikukolea.

Kadi ya Immler nimeiweka mbele kabisa kwenye sanduku la kwanza. Mkuu wa ofisi ameiona akauliza huyu Immler ni mwandishi wa karne gani.

Daktari gani wa Kempten? Una nini? Umeandika mstari mmoja ukaufunga. Na mwandiko wako, Zenzi, si wa baridi. Herufi zako zilikuwa zimesimama wima siku zote, mwalimu alikuwa anazionyesha darasani kunitia aibu mimi. Niambie.

Nami nikupe kidogo katika niliyoyapata, upate la kufikiria ukiwa kwenye kigoda chako. Kitenzi hiki ni kizee sana. Warumi walikuwa nacho, mulgere, Wagiriki walikuwa na cha kwao kinachofanana, na neno letu la maziwa limezaliwa katika ukoo huo huo. Lakini wajuzi wanadhani maana yake ya kwanza kabisa haikuwa kutoa maziwa. Ilikuwa kupangusa, kupitisha mkono taratibu juu ya kitu, kupapasa. Yaani kabla neno hilo halijajua ndoo lilijua mkono tu. Nimekaa na wazo hilo jioni nzima hata supu ikapoa. Nimeandika kurasa kumi na tisa na sijafika kwenye maana ya mtu kumkama mwenzake fedha.

Ofisini ni yale yale. Ijumaa kulikuwa na mkutano, mkuu aliongea sana. Si kitu.

Wako,
Leonhard


Nyumbani, 3 Juni 1956

Kaka Leonhard,

Mungu akusalimu. Umeandika mara moja na mimi nimekaa miezi, usinikasirikie. Alhamisi tulifanya maandamano ya Ekaristi, mvua ikatunyeshea toka kanisani mpaka msalaba wa shambani, wasichana wakarudi na maua yaliyooza kichwani. Majani yamerefuka, yanangoja tu jua tuyakate. Walburga amenitumia picha ya watoto. Yule mdogo ana masikio ya baba yetu, masikini.

Umeuliza, basi nakujibu. Ni mikono. Vidole vitatu vya kila mkono vinakufa ganzi. Mwanzo ilikuwa asubuhi tu, sasa ni muda wote. Siku moja niliangusha ndoo iliyojaa, sikuhisi inaniponyoka, nikasikia tu kishindo. Daktari anasema mishipa imebanwa pale kwenye kifundo cha mkono, ni kwa kukama miaka yote hii. Lazima apasue mikono yote miwili. Asipopasua, vidole vitalala moja kwa moja. Akipasua, ni wiki sita bila kugusa chuchu ya ng'ombe, pengine zaidi.

Sasa niambie wewe msomi, nani atakama wiki sita? Majirani wote wanakama saa hizo hizo ninazokama mimi. Walburga ana watoto miguuni. Mashine za kukamia wanazo wakubwa wa kule bondeni, si mimi. Kwa hiyo nikienda hospitali, ng'ombe wanakwenda kwa Hefele, na wakishakwenda hawarudi. Nyumba isiyo na ng'ombe huku si shamba tena, ni kibanda chenye majani marefu. Na nikibaki, vidole vinakwenda, ng'ombe wanavifuata. Nimechoka kaka. Nimechoka mpaka nywele.

Bless ana mimba, atazaa Septemba. Mara zote akizaa anakuwa mkorofi kuliko kawaida.

Nimekuambia kwa sababu umeuliza. Sikuombi kitu. Wewe una kazi yako, na kitenzi chako hakijaisha.

Zenzi


Kassel, 22 Julai 1956

Mdogo wangu Zenzi,

Mungu akusalimu, naye akupe jua la kukaushia majani. Mimi mzima. Bibi Ostertag mzima. Kikohozi kimeniacha hatimaye, nimekaa kimya nakishangaa.

Barua yako ya Juni nimekaa nayo muda mrefu, unisamehe. Nilikuwa na mambo ya kupanga hapa.

Nakuja. Nimepata likizo, wiki sita kuanzia Sikukuu ya Malaika Mikaeli, mwishoni mwa Septemba. Ofisi haikuleta ubishi wowote. Mwambie daktari wa Kempten aandae kisu chake. Hefele usimpe kiganja, hata akikukuta kanisani.

Najua unacheka. Cheka. Mara ya mwisho nilipokama, mfalme wa Bavaria alikuwa bado mfalme. Lakini nimesoma juu ya kazi hiyo kuliko mtu yeyote aliye hai, na jambo lenyewe ni vidole kumi na uvumilivu, navyo ninavyo.

Leonhard


Nyumbani, 5 Agosti 1956

Kaka Leonhard,

Wewe? Kwa Bless? Nilimsomea mjane wa Haggenmüller barua yako, akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, majani yakabaki bila kugeuzwa.

Njoo siku mbili kabla nikuonyeshe. Leta viatu vya kazi, usije na vile vyako vya maktaba. Chumba cha juu nimekifagia. Daktari amenipa siku, nalala Kempten usiku wa Mikaeli.

Baba angekuwepo sijui angesema nini. Pengine angekutazama mikono tu.

Zenzi


Shambani kwako, 5 Oktoba 1956
Kwa Kreszentia, Hospitali, Kempten

Mdogo wangu Zenzi,

Mungu akusalimu kitandani pako. Sista amenieleza kwa simu ya posta kwamba mikono yote miwili imepasuliwa na imefungwa, na kwamba unalalamikia kahawa, nikajua umepona.

Nyumba iko salama. Kuku wako salama. Ndama wa Bless ni jike, anakunywa vizuri. Sasa nikuambie la ukweli. Wananikataa.

Zile siku mbili ulipokuwa umesimama nyuma yangu walitoa, nikajiona fundi. Ulipoondoka tu wakafunga. Naketi, navuta kama ulivyonionyesha, na kinachotoka ni cha kulowesha kidole. Wanne wananipa nusu ya walichokuwa wanakupa wewe. Bless hanipi kitu. Anageuza shingo, ananitazama, anahakikisha si wewe, kisha anapiga ndoo teke. Kiwele chake kimekuwa kigumu kama mkate wa wiki jana. Mjane wa Haggenmüller amekuja mara mbili baada ya kukama kwake, tumemfunga Bless miguu, amemtoa kiasi ili asiugue. Lakini ana ng'ombe wake, hawezi kuja kila siku, na hilo alinitamkia wazi. Jana nilipeleka maziwa kwa Immler. Alichungulia kwenye kopo, akasema, "Leonhard, haya ni ya jibini au ni ya paka?" Watu waliokuwa kwenye foleni walifurahi sana.

Hefele ameshasikia. Amesema atapita Jumatano. Zenzi, mimi ni mtu wa kusema ukweli: kiwele cha Bless kikiharibika atakuwa wa bucha tu. Mgongo wangu umekufa, vidole vyangu vimevimba hata kalamu inaniuma, na sijui nifanye nini tena. Labda ilikuwa upumbavu wangu kuja. Niambie kama niongee na Hefele angali yuko radhi kuwachukua wazima.

Leonhard


Hospitali, Kempten, 6 Oktoba 1956

Kaka Leonhard,

Anayeandika ni Sista Edeltrud, mikono yangu iko kwenye bandeji. Nimemwambia asibadilishe neno, hata nikitukana.

Wewe ni mjinga na mimi ni mjinga zaidi. Nimesahau kukuambia jambo ambalo huku hata mtoto analijua, nikadhani unalijua. Aproni yangu ya buluu imening'inia nyuma ya mlango wa zizi, na kitambaa changu cha kichwani kiko mfukoni mwake. Uvivae. Vyote viwili. Usivifue! Wewe unanukia sabuni ya mjini na karatasi, nani akupe maziwa yake na harufu hiyo? Ng'ombe hatazami shahada yako, ananusa.

Humkumbuki mama? Bibi alipofariki, mama alivaa aproni ya bibi iliyokuwa imeganda kwa maziwa na samadi. Aliivaa bila kuifua mpaka ng'ombe walipomkubali. Kisha akaifua kwa sabuni yake mwenyewe, akaianika pale mbele ya dirisha watu wote waione, na tangu siku ile ng'ombe walikuwa wake. Hivyo ndivyo wanavyohamishwa huku, si kwa karatasi.

Sista anacheka. Nimemwambia aandike kwamba anacheka.

Na Hefele usiongee naye. Nisikilize vizuri: usiongee naye. Nilitoka nyumbani kwangu nikiacha ng'ombe watano.

Zenzi, kwa mkono wa Sista Edeltrud


Shambani, 17 Oktoba 1956

Mdogo wangu Zenzi,

Mungu akusalimu, na msalimie Sista Edeltrud, nimeambiwa na Walburga kwamba anazisoma barua zangu wodini kwa sauti. Basi asome na hii.

Barua yako niliipata Jumatatu asubuhi na nikaapa sivai. Mwanamume wa miaka sitini na mmoja, aliyesoma Kilatini na Kigiriki, avae aproni ya dadake na kitambaa cha maua! Jumatatu jioni Bless alinipiga teke la goti. Jumanne alfajiri nilivaa.

Wanne walinipa. Zenzi, walinipa bila ubishi! Nilikaa na kichwa changu kimefungwa kitambaa chako nasikia maziwa yanavyopiga ndoo, na sina aibu kukuambia kwamba machozi yalinitoka. Lakini Bless alininusa aproni, akaona iko sawa, akanitazama usoni, akaona uso hauko sawa. Akabana.

Nikamwekea paji la uso ubavuni kwa uchovu tu, sikuwa na mbinu. Nikawa namwambia, "Bless, na mimi nimechoka. Tumechoka wote." Na nikiwa pale nikakumbuka zile kurasa zangu kumi na tisa. Kupangusa. Kupitisha mkono taratibu. Nilikuwa naanza kwa kuvuta, mtu mwenye haraka. Nikaenda jikoni kuchukua maji ya moto na kitambaa, nikarudi nikampangusa kiwele, nikampapasa muda mrefu bila kuvuta chochote, mpaka ile ngozi ngumu ikalegea mkononi mwangu. Ndipo akashusha pumzi, na maziwa yakashuka naye. Yakaja mengi mpaka nikaogopa.

Wewe hilo unalifanya kila siku bila kulifikiria, ndiyo maana hukunitajia. Kwangu mimi lilikuwa limelala kwenye kadi.

Jumatano Hefele akaja kweli. Mimi nimo zizini, nimevaa nilivyovaa. Akasimama mlangoni, akasema, "Mungu akusalimu, mama!" Halafu akaangua kicheko mpaka ng'ombe wakageuka. Alipomaliza akanyoosha kiganja. "Haya Leonhard, tumalize mchezo huu. Dada yako amechoka, wewe umechoka, piga hapa." Nikakitazama kile kiganja. Nakiri kwamba siku tano kabla ningekipiga. Nikatia mikono yangu chini ya aproni yako, nikaiacha humo. Aliongea mambo mengi. Mimi sikuitoa.

Nilifurahi kupita kiasi, nikasahau kuvua, nikaenda hivyo hivyo kwa Immler. Akatazama kopo limejaa, akanitazama mimi, akasema, "Zenzi, umeota ndevu." Tangu hapo kijiji kizima kinaniita Zenzi mwenye ndevu. Vumilia, nimekuharibia jina.

Jambo moja la kamusi. Mwanzo wa makala yangu niliandika kwamba melken ni kuchukua maziwa ya mnyama kwa mkono. Nimefuta. Hakuna anayechukua. Anapewa, au ananyimwa. Sijui bado nitaandikaje.

Leonhard


Hospitali, Kempten, 8 Novemba 1956

Kaka Leonhard,

Mungu akusalimu. Mistari hii ya mwanzo naandika mwenyewe, uone ilivyopinda. Nikichoka ataendelea Sista.

Juzi ilikuwa sikukuu ya somo wako, mtakatifu wa mifugo. Walburga alikuja na watoto, akasema uliwatoa ng'ombe watano wote barabarani kupokea maji ya baraka, na Bless akamkanyaga padre. Nimefurahi siku nzima. Padre yule anahubiri mno.

Sasa anaandika Sista.

Daktari alifungua bandeji Jumatatu. Amefanya kazi nzuri. Vidole vimerudi, nahisi shuka, nahisi kijiko, nahisi maji kama ni ya moto au ya baridi. Nitamenya viazi, nitashona, nitaandika. Nikamuuliza, na kukama je? Akavua miwani akaifuta. Alipokuwa anaifuta nikajua. Alisema nikikama mwaka mmoja tu nitarudi pale pale, na safari hiyo hatakuwa na cha kupasua. Sitakama tena, kaka. Nimelia. Sista hakutaka kuliandika, nimemwambia aandike.

Sasa nisikilize na usianze kukohoa. Najua kwamba huna ofisi. Barua zako za Januari na Machi zilikuja katika bahasha ya ofisi yenye muhuri wa zambarau. Ya Julai ilikuja katika bahasha ya dukani. Na ofisi gani inamwachia mtu wiki sita katikati ya herufi bila ubishi? Walikuachisha kazi kwenye ule mkutano wa Ijumaa, au karibu na hapo. Sikusema kwa sababu wewe hukusema. Nilidhani unaona haya kwa ajili ya baba, aliyeuza ng'ombe wawili uende ukasome. Baba alikuwa anawaonyesha wageni herufi zako za kamusi, lakini wewe hukuwapo kuona. Kurasa kumi na tisa nadhani hakuna anayezisubiri tena, na wewe unaendelea kuziandika. Mimi sioni ubaya wake. Hata mimi nimekama miaka kumi na minne kwa ajili ya mtu asiyerudi.

Chumba cha juu kina dirisha linalopitisha upepo, litazibwa. Meza ya baba inatosha masanduku yako mawili, nimeipima kwa macho nikiwa hapa kitandani. Mimi nitapika na nitalisha, na nitakaa kwenye kigoda cha pili nikikukosoa. Bibi Ostertag mwandikie barua nzuri, umwambie supu yake haikuwa na chumvi.

Narudi Jumamosi kwa basi la mchana. Nikipita kwenye kona ya msalaba dirisha la nyumba linaonekana, nitakuwa nimekaa upande wa kulia.

Ifue aproni kabla sijafika. Tumia sabuni yako, si yangu.

Zenzi